Karani Mshtakiwa na Mzinga Usio na Alama

Nilikabidhi funguo za ofisi ya chama siku ya Ijumaa, na Jumatatu asubuhi mke wangu alinikuta sebuleni nimevaa shati la kazini, nimekaa wima, nasubiri mtu aniletee barua ya kuchapa. Alinivumilia mpaka saa nne. Kisha akasema kama vidole vinaniwasha basi niwaandikie ninyi mliobaki ofisini, maana mnampigia simu yeye kuuliza faili fulani liko wapi, na yeye hajawahi kuliona faili lolote. Kwa hiyo haya ni ya kwenu, vijana wa chama cha wafuga nyuki hapa Mitundu. Habari za vyeo nitaziruka. Nilianza karani na nimemaliza karani, hapo hakuna cha kusimulia. Nitaeleza lile mlilolikuta kwenye mihtasari ya zamani mkaona haya kuniuliza: kwa nini kwa miaka yote ile nilikuwa nasaini barua za chama "Karani (Mshtakiwa)".

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Ntandu, mwenyekiti. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, aliyetembea kana kwamba anachelewa kikao hata alipokuwa anakwenda kunawa mikono. Alinionyesha taipureta yenye utepe uliokauka, akaipita haraka, kisha akafungua kabati kwa funguo mbili na kutoa daftari kubwa lenye jalada la ngozi.

"Unalijua hili?"

"Nalijua, mzee. Daftari la alama."

"Hulijui. Kaa ulisome mpaka mchana."

Nilikaa nikalisoma. Ninyi wengine mmekulia mjini, kwa hiyo nieleze. Mzinga wa gogo unatundikwa porini, mbali na nyumba ya mtu, unakaa huko miezi bila mlinzi. Kinachoulinda ni alama ya mwenyewe iliyochongwa ubavuni: msalaba, mistari miwili, pembe ya ng'ombe. Ya baba yangu ilikuwa mguu wa kanga, vidole vitatu vinavyokutana chini, na alipofariki aliniachia mizinga arobaini na kitu yenye alama hiyo. Anayefungua mzinga wa mwenzake hapigwi wala hapelekwi polisi. Anaitwa mkutanoni, kisha wanachama wanakwenda porini na tezo, wananyoa alama yake kwenye kila mzinga alionao, na jina lake linafutwa daftarini. Niliwahi kuona ikifanyika. Yule bwana alihama wiki hiyo hiyo, na mpaka leo watu wa ukoo wake wakiulizwa wanatoka wapi wanasema Kilimatinde.

Mzee Ntandu ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kuandika muhtasari kabla kikao hakijaisha, ili watu wasipate nafasi ya kusahau walichosema. Alinifundisha kutoandika neno "takriban" kwenye hesabu ya mizinga. Taipureta hakuigusa hata siku moja. Alisema ni chombo cha kelele na kwamba mtu anayefanya kazi kwa kelele anaficha jambo.

Soko huria lilipokomaa, mambo yalibadilika kwa kasi. Zamani asali yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja, na ukigombana naye umegombana na serikali. Sasa kila mwenye pikapu na madumu alikuwa mnunuzi. Walisimama barabarani wakiwadaka wanachama kabla hawajafika ghalani. Ndipo akaja mnunuzi mkubwa kutoka Dar es Salaam, anayepeleka asali nje, akasema atachukua mzigo wetu wote kwa mkataba, ila huko nje wanataka kujua kila mzinga ni wa nani, uko kijiji gani na mti gani. Na orodha hiyo aliitaka kwenye kompyuta. Mkutano ukanitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyezoea kelele.

Nilikwenda Singida mjini nikarudi na kompyuta iliyotumika. Muuza duka alikuwa mkarimu sana. Aliijaza kila aina ya programu, ya kuandika, ya majedwali, ya kuchora, hata ya kupanga nyumba, akasema ni nyongeza tu. Nilimshukuru mara mbili. Kisha nikaketi miezi mingi nikiingiza mizinga, mmoja mmoja, kutoka daftari la alama.

Wiki tatu kabla ya lori kuja, mnunuzi alimtuma fundi wake kukagua orodha. Kamati yote ilikuja kumtazama. Aliwasha mashine, na kabla hajafungua lolote, kikajitokeza kibandiko cha maandishi katikati ya skrini. Fundi alitaka kukifunga haraka, lakini Mzee Ntandu alikuwa ameshasogea.

"Imesema nini hiyo?"

"Ni kitu cha kawaida, mzee."

"Sijauliza kama ni cha kawaida."

Fundi akakohoa. "Inasema programu iliyomo humu si halali. Yaani imenakiliwa bila ruhusa ya mwenyewe. Ni kama imeibwa. Lakini mzee, kila mtu anazo za hivi."

Hapo ndipo aliponimaliza. Angeishia kwenye "imeibwa" labda ningejitetea, lakini "kila mtu anazo" ndiyo maneno aliyoyasema yule bwana wa Kilimatinde kabla ya kunyolewa alama. Mama Mwajuma, mjumbe wa kamati, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akajishika kichwa. "Karani! Yaani mashine yenyewe imekushitaki mbele za watu?"

Mzee Ntandu aliichomoa kompyuta ukutani kwa mkono wake, akaifunika kanga ya Mama Mwajuma kama maiti, akatangaza kesi. Nilikuwa nimefungua mzinga wa mtu mwingine na kuuingiza ghalani kwa chama. Mashine isiguswe. Hatuwezi kuhesabu mizinga ya watu kwa kutumia mzinga wa wizi. Nikamwambia orodha nzima imo humo ndani na lori linakuja. Akasema afadhali asali ichachuke. Nilikwenda nyumbani nikatazama mzinga mmoja wa baba uliokuwa uani ukisubiri kutundikwa, wenye mguu wa kanga, na niliogopa kweli kweli.

Aliyeniokoa, kama huku ni kuokolewa, ni Mwalimu Halima, aliyekuwa anafundisha hesabu Itigi na ambaye baba yake alikuwa mwanachama wetu. Alisikia habari sokoni, akaja kwa basi na bahasha. Ndani mlikuwa na CD moja.

"Shikamoo kaka. Hii inaitwa Linux. Ndani yake mna kila kitu, programu ya barua, ya majedwali, ya picha. Wameitengeneza watu wengi dunia nzima na wanaigawa bure. Niliandika tu kwamba naitaka, wakaniletea kwa posta."

"Bila chochote?"

"Bila chochote."

Mkutano ulifanyika ghalani, tumekalia madebe. Mwalimu alisimama akasema tena neno "bure", na nusu ya watu wakasogeza madebe yao nyuma. Mzee mmoja aliuliza kama ina masharti ya kuacha dini. Mwingine akauliza waliokwisha kuitumia wako wapi na wana afya gani. Mzee Ntandu aliuliza swali moja tu: "Mwenyewe ni nani, na alama yake iko wapi?"

Mwalimu akatoa karatasi za leseni, akatafsiri polepole. "Inasema unaruhusiwa kuitumia utakavyo. Unaruhusiwa kuifungua uone ilivyotengenezwa. Unaruhusiwa kuirekebisha na kumpa mwenzako. Lakini ukimpa mwenzako, umwachie na yeye ruhusa hiyo hiyo. Na majina ya waliotengeneza usiyafute."

"Rudia hapo pa kumwachia ruhusa."

Alirudia. Wazee wakaanza kujadiliana, na niwaambie, nimehudhuria semina nyingi tangu wakati ule, zenye wataalamu na chai ya maziwa, sijasikia leseni hiyo ikichambuliwa vizuri namna ile. Walielewa upesi kwamba ni mzinga ambao wenyewe wamechonga alama zao, kisha wakaacha mfuniko wazi kwa makusudi. Walichobishania kwa saa mbili ni kama mtu anayeweka mfuniko mpya anaruhusiwa kuufunga kwa waya. Ikaamuliwa haruhusiwi. Mwalimu akasema ndivyo hasa ilivyoandikwa.

"Basi majina yasomwe," akasema Mzee Ntandu.

Mnajua desturi yetu. Kwenye msiba au harusi, waliochangia wanasomwa mbele za watu, na hakuna anayeondoka kabla hawajaisha. Mwalimu alikuwa amechapisha majina ya watengenezaji wa programu ya majedwali peke yake, kurasa nyingi, na mshtakiwa ndiye aliyepewa kazi ya kuyasoma. Nilisoma majina yenye konsonanti tano zimebanana. Nilisoma ya Wajerumani, ya Wachina, na mengine ambayo sijui hata kama yalikuwa majina au anwani. Mama Mwajuma alipiga vigelegele kila aliposikia jina analodhani ni la mwanamke, na nina hakika aliwapongeza wanaume kadhaa wenye ndevu. Tulipofika herufi M tukapumzika, tukanywa uji. Nilipomaliza, Mzee Ntandu alisimama akawashukuru wote kwa niaba ya chama, akageukia kila upande wa ghala, kwa kuwa hatukujua wako upande gani.

Ikabaki kazi ya kurudisha cha wizi. Kwanza lilizuka swali kama orodha yangu nayo ni ya wizi, maana iliandikwa kwa programu ya wizi. Waliamua kwamba asali ni yetu, kisu ndicho si chetu. Tukaihamisha orodha kwenye flashi. Kisha Mzee Ntandu akaweka kiti mbele ya skrini, mashahidi wawili wakasimama nyuma yake, na Mwalimu akafuta kila kitu. Mstari mdogo ulijaa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia.

"Imekwenda wapi?" akauliza mzee.

"Imefutika, mzee."

"Nimeuliza imekwenda wapi. Mali ya mtu inarudi kwa mtu."

"Mzee, mwenyewe bado anayo. Haikuwahi kumtoka."

Mzee aliinama akachungulia nyuma ya mashine. "Unaniambia karani ameiba kitu ambacho hakijapotea?"

"Ndiyo, mzee."

Aligeuka akanitazama kwa masikitiko ambayo sikuyaona hata siku ya kumnyoa yule bwana wa Kilimatinde. "Hata kuiba hujui," akasema.

Linux iliingia siku hiyo hiyo, orodha ikafunguka ndani yake kamili, ingawa safu ya majina ya miti ilihamia kwenye safu ya majina ya wamiliki na kwa nusu siku chama kilikuwa na wanachama wanaoitwa Mninga na Mtundu. Lori lilikuja, mnunuzi akapokea orodha, asali ikaondoka. Nilidhani kesi imesahaulika. Jumamosi iliyofuata niliitwa.

Hukumu ya Mzee Ntandu niliiandika mwenyewe kwenye muhtasari, kwa hiyo ninaikumbuka. "Karani alifungua kilichofungwa na mwenyewe. Hicho tumekirudisha, ingawa sijaelewa vipi. Kisha tukala, sisi sote, kilichoachwa wazi na wenyewe. Hicho hatujakirudisha. Wao hawataki malipo, na sisi si watu wa kula tu. Karani atachonga mzinga. Hautakuwa na alama. Atautundika njiani, usawa wa kifua, mpita njia yeyote aufikie. Mwenye haja ale, aache watoto wa nyuki, afunike. Siku mtu tusiyemjua atakapokula asali hiyo, kesi itafungwa. Mpaka siku hiyo, karani ni mshtakiwa, atasaini kama mshtakiwa, na asichonge mguu wa kanga kwenye mzinga mpya wowote."

Niliona nimepona kirahisi. Asali ya bure njiani, ingeliwa msimu wa kwanza. Nikachonga mzinga mzuri, nikautundika kwenye njia ya kuelekea mto, nyuki wakaingia mapema, na mvua zilipoisha mzinga ulikuwa mzito wa kutisha.

Hakuna aliyeugusa. Watu walipouona hauna alama walibadilisha njia. Wengine walisema una dawa. Wengine walisema ni mtego wa chama. Njia mpya ikachimbika upande wa pili wa kichaka, ndefu zaidi, na sasa ndiyo inayotumika na baiskeli. Nilisimama mnadani siku ya gulio nikitangaza kwamba kuna asali, ni bure, mtu aende tu, na mama mmoja akamvuta mwanawe mkono akamwambia asinitazame. Mwaka wa pili nyegere alivunja mfuniko akala kila kitu. Nilikimbilia kamati na taarifa ya maandishi. Walijadili kwa kina kama nyegere ni "mtu tusiyemjua". Ombi likakataliwa kwa sababu mbili: si mtu, na tunamjua.

Katika kipindi hicho nilijifunza zana ambazo nawaachia. Programu ya barua na majedwali ilibadilika jina njiani, sasa mnaiita LibreOffice. Msiidharau, ina daftari lote la alama. Lebo za chupa nilizitengeneza kwa GIMP, ile programu ya picha. Ilinichukua msimu mzima kujua namna ya kuandika herufi juu ya picha, na mpaka leo sijui nilifanyaje, kwa hiyo msifute lile faili la kwanza. Video za mikutano fungueni kwa VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani. Inafungua hata zile zilizopigwa na mpiga picha wa harusi, ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzifungua. Flashi ikirudi kutoka mjini huwa imejaa virusi, na kwenye mashine yetu vinakaa tu bila kazi kama wageni wasiojua lugha. Nilinakili CD nyingi nikazigawa Mtinko, Itigi, kila nilikotumwa. Afisa mmoja aliniomba barua ya mwenyewe inayothibitisha kwamba mwenyewe hadai. Wengi walizipokea kwa heshima wakazitundika shambani kufukuza ndege, maana zinameremeta.

Lakini mzinga wa gogo unaoza. Hilo ndilo lililoninyima raha, si kusaini wala kuchekwa. Kila msimu mzinga mmoja au miwili ya baba ilianguka, na mimi sikuruhusiwa kuchonga mwingine wenye alama yake. Arobaini ikawa ishirini. Ishirini ikawa tisa. Katika kila mkutano mkuu, ajenda ya mwisho ilikuwa "Kesi ya Karani", na kila mwaka niliandika "inaendelea". Mwenyekiti alibadilika mara mbili, Mzee Ntandu akazeeka, akawa anatembea kwa fimbo, lakini kesi ya alama hufungwa na aliyeifungua, na yeye hakufungua mdomo. Nilipoanza mwaka wangu wa mwisho wa kazi ilikuwa imebaki mizinga mitatu. Nilimchukia kidogo mwaka ule. Nasema ukweli.

Alhamisi, siku moja kabla ya kukabidhi funguo, nilipita kwa ile njia ya zamani ambayo sasa ni yangu na nyuki peke yetu. Mfuniko ulikuwa umewekwa vibaya. Nikachungulia. Masega ya upande mmoja yalikuwa yamekatwa kwa kisu, safi, watoto wa nyuki wameachwa, na mfuniko ukarudishwa na kuegeshewa jiwe. Nyegere haegeshi jiwe. Nilikimbia, na umri huu, mpaka kwa Mzee Ntandu, nikamkuta amekaa kibarazani kwake, ameupa mgongo mlango wa uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Mzinga umeliwa. Kwa kisu, mzee. Na kafunika."

"Basi ni mtu," akasema, na akageuka.

Jicho la kushoto lilikuwa limeziba kabisa. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba kama andazi, na mikono yote miwili ilikuwa na vidonda vya miiba ya nyuki mpaka kwenye viwiko. Alikuwa na miaka themanini na kitu, na kutoka kwake mpaka kwenye ule mti ni mwendo ambao mimi mwenyewe ninaupumzikia mara mbili.

"Unamjua aliyekula?" akaniuliza.

Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kutoandika "takriban". Sikuwahi kumdanganya kwa neno la mdomo wala la taipureta. Nilimtazama lile jicho moja lililobaki wazi, na nilitaka kulia.

"Simjui, mzee."

"Andika kesi imefungwa. Kisha nenda ukachonge alama ya baba yako." Akalaza fimbo magotini. "Mimi pia simjui," akasema, akaomba kitambaa chenye maji baridi cha kuweka kwenye jicho.